Chungu cha Meno

Kwa wewe unayesoma haya huku umelaza shavu kwenye kiganja: hutakufa. Najua hutaniamini. Mimi mwenyewe nilipoambiwa hivyo sikuamini, na walioniambia walikuwa wamevaa makoti meupe. Lakini nimekaa kwenye benchi unalokaa, nimevimba kama ulivyovimba, na leo natafuna mahindi ya kuchoma bila kuchagua upande. Naandika ili ufike kwenye mahindi haraka kuliko nilivyofika mimi.

Benchi langu lilikuwa kwenye veranda ya chumba cha meno, hospitalini kwetu Nchelenge, kando ya ziwa Mweru. Mbele yake, juu ukutani, kulikuwa na televisheni ndani ya kizimba cha waya, kama kuku anayeogopewa wezi. Haikuwa na sauti, na ilionyesha filamu moja tu, kuanzia asubuhi mpaka chumba kinapofungwa. Ilikuwa filamu fupi ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya wakati ule watu wa sinema walipotembea mbio mbio kama kuku waliomwagiwa maji. Bwana mmoja mnene amefungwa kitambaa shavuni, fundo limesimama utosini kama masikio ya sungura. Anaingia kwa daktari wa meno. Daktari ananoa vyombo vyake kama muuza nyama. Kiti kinapanda mpaka darini, kinashuka, kinapanda tena. Daktari anamkalia mgonjwa kifuani, anavuta, wote wawili wanatoka dirishani na kuangukia mkokoteni wa unga, polisi anawafukuza, wanarudi ndani weupe kama mizimu. Mwishoni jino linatoka. Bwana mnene anapapasa kinywa chake, analikuta la kwake lipo. Lililong'oka ni la daktari. Kisha filamu inaanza upya.

Shida ni kwamba mwenye jipu la jino hawezi kucheka. Kila kicheko ni msumari. Kwa hiyo tulikaa pale, benchi zima la mashavu yaliyofungwa vitenge, mabega yakitetemeka, machozi yakitiririka, kila mmoja akijaribu kuangalia pembeni na kila mmoja akishindwa. Jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyekuja kwa mtumbwi kutoka kisiwa cha Chisenga.

"Yoo, mama," alinong'ona, ameshika taya kwa mikono miwili. "Bazime ile kintu. Itatuua mbele dokta hajatuona."

"Usiangalie," nikamwambia.

"Weye unaangalia!"

Nilijiuliza ni mtu gani katili aliyeweka filamu ile mahali pale. Nilimjua muda mfupi baadaye, na nilipomjua nilikimbia.

Lakini nianze na jino. Lilianza kuuma wiki ileile serikali ilipofunga ziwa. Kila mwaka mvua zikianza, Mweru hufungwa ili samaki wazae kwa amani, na mji wetu unalala. Mimi nauza samaki wakavu. Ziwa likiwa wazi, sina muda wa kuandika hata jina langu. Ziwa likifungwa, nakumbuka kwamba niliwahi kusoma chuo kikuu Lubumbashi, kwamba nilivuka maji kutoka Pweto, upande wa Kongo, wakati wa vita nikiwa na diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki, na ninaandika makala ambazo watu wa parokia huzisoma kwa uvumilivu mkubwa. Msimu ule nilipanga kuandika sana. Badala yake gego la chini, upande wa kulia, likaanza kuniandika mimi.

Nilifanya yote unayoyafanya wewe sasa. Maji ya chumvi. Karafuu. Mizizi ya jirani, ambayo iliua ladha ya kila kitu isipokuwa maumivu. Nilishika lutuku mdomoni, ile pombe kali ya kienyeji, nikiwa nimeambiwa niiteme. Sikuitema yote. Kila dawa ilinipa saa moja ya matumaini, na jino likarudi limepumzika.

Mume wangu, Baba Régine, ni mtu wa vitendo. Alinitazama nikizunguka uani nikiguna, akaenda kuchukua uzi wa nyavu, kwa kuwa nyavu zenyewe zilikuwa likizo. Akafunga ncha moja kwenye gego na nyingine kwenye keria ya baiskeli yake, ile ya nyuma ya kubebea samaki.

"Weye simama tu pale," akasema. "Kama nguzo. Mimi naenda, jino inabakia na mimi, weye unabakia na amani."

Maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa. Alichosahau ni kwamba mwili wa binadamu huwa unafuata jino lake. Alipokanyaga pedali, miguu yangu ilikata shauri bila kuniuliza. Nilimfuata. Alivyozidi kukanyaga ndivyo nilivyozidi kukimbia, mdomo wazi, mikono mbele, tukashuka hivyo mpaka karibu na soko la Kashikishi. Baba Régine hakugeuka nyuma. Alifikiri uzito anaousikia ni wa jino.

"Muone Mama Régine!" mama mmoja muuza nyanya akaita. "Amefunga bwana kamba asikimbie!"

"Hapana," mwingine akajibu. "Ni bwana njo anamupeleka kumuuzisha."

Penye dimbwi kubwa gurudumu liliteleza, kukasikika mlio wa kukatika, na mume wangu akaketi ndani ya matope. Nilishika shavu. Kitu kilikuwa kimeng'oka kweli. Ilikuwa keria.

Kesho yake nilikwenda hospitali, na hivyo ndivyo nilivyofika kwenye lile benchi. Jina langu likaitwa. Niliingia nikiwa nimejipanga kishujaa. Fundi wa meno alikuwa amenipa mgongo, ananawa mikono, barakoa usoni. Akageuka. Tukatazamana.

Macho yale niliyafahamu kutoka kwenye picha ya harusi ukutani kwangu. Ana kwa ana sikuwahi kuyaona, na sikutakiwa kuyaona. Alikuwa Chanda, mume wa binti yangu Régine.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu upande wa Kongo, na kwa Wabemba wa huku vilevile, mama na mume wa binti yake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Mmoja hali mbele ya mwenzake. Hawatajani jina. Mambo haya hufunguliwa siku familia inapomwingiza mkwe: anakaribishwa kwa vyakula, na katika ukoo wetu kila katazo lina chungu chake kidogo cha kulifungua. Sisi tulikuwa tunangoja ziwa lifunguliwe, kwa sababu, kama dada yangu mkubwa alivyosema, mkwe haingizwi kwa maharagwe. Nilijua Chanda anahamishiwa kwetu kutoka wilaya nyingine. Régine alisema mwezi ujao. Sikujua kwamba wakubwa wake walikuwa wamemharakisha. Na katika nchi yote iliyo kati ya ziwa na mji wa Mansa, kinywa changu ndipo mahali pa mwisho ambapo kijana yule alipaswa kuingiza mkono.

Nilijitupia kitenge kichwani na kupiga ukelele. Yeye aliangusha sinia la vyombo. Akatokea mlango wa nyuma, mimi wa mbele. Ungedhani hapo pangekuwa mwisho, lakini chumba cha meno ni kijengo kidogo kilichosimama peke yake. Mimi nilizunguka kwa kulia, yeye alizunguka kwa kushoto, na penye tangi la maji tukagongana kifua kwa kifua. Tukaanguka. Tukainuka bila kutazamana, kila mmoja akarudi mbio alikotoka, yeye kwa mlango wa nyuma, mimi kwa mlango wa mbele, na tukakutana tena ndani.

Benchi lote lilikuwa limesimama. Mama wa Chisenga alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu mbele, akicheka kwa sauti ya kuomba msaada.

"Ile ya televizio ilikuwa muzuri," alisema akihema, "lakini hii, hii njo ya kweli!"

Alicheka mpaka jipu lake likapasuka lenyewe. Akatema, akashangaa, akasema maumivu yamepungua, akaenda zake kutafuta mtumbwi. Alirudi baadaye kung'olewa kama watu wote, kwa hiyo usiifanye hiyo kuwa dawa. Lakini mpaka leo ananiletea mihogo na kuniita daktari.

Nikiwa mwanafunzi niliandika insha ndefu kuthibitisha kwamba desturi za ukwe ni minyororo. Nilipata alama nzuri. Jino langu halikuwa limeisoma. Nilirudi nyumbani nimejifunika kitenge gubigubi, nikajifungia chumbani, na kumtangazia Baba Régine kwamba nimepona.

Shavu lilinikanusha. Lilipanda mpaka jicho la kulia likawa mstari. Mdomo ukafunguka kiasi cha kijiko, kisha kiasi cha mrija. Nilikunywa uji kwa mrija kama mtoto anayekunywa soda, nikitazama kwenye kioo sura ya mwanamke ambaye sikumfahamu: nusu yake ilikuwa mimi, nusu ilikuwa boga. Usingizi uliniacha. Homa ikaja kukaa mahali pake. Na nyumba ikagawanyika.

Upande mmoja alikuwa Régine, aliyekuwa amewasili akimfuata mumewe. Upande wa pili alikuwa dada yangu mkubwa, Yaya Fébronie. Tulipovuka ziwa wakati wa vita tulipoteza nyumba, mbuzi na masufuria, lakini Yaya alivusha desturi zetu zote, hata moja haikulowana. Yeye ndiye mwenye vyungu.

"Mama mukubwa," Régine alimwambia mbele yangu, "mama atakufa juu ya haya?"

"Hakuna mutu alikufaka juu ya haya. Bantu banakufaka juu ya kukosa haya."

"Jino haijue bukwe!"

"Jino haijue. Mwenye jino anajua."

Walinigeukia mimi niamue. Niliinua mrija kuonyesha kwamba ninakula. Huo ndio ushujaa wa wasomi.

Shingo ilipoanza kukaza, Régine na baba yake walinibeba kwenye baiskeli isiyo na keria, nimekaa kwenye bomba la mbele, mpaka wodi ya wanawake. Wakanichoma sindano asubuhi na jioni. Nesi wa zamu, mama mtu mzima mwenye vidole baridi, alinibonyeza chini ya taya, akabonyeza tena.

"Mayo, mama," akasema, "uvimbe unashuka shingoni. Ukifunga koo, sindano zangu hazitafua dafu. Hilo jino lazima litoke."

Mansa kulikuwa na fundi mwingine, lakini mvua ilikuwa imekata barabara. Fundi wa hapa alikuwa nje ya dirisha la wodi, amelipa dirisha mgongo, anatazama ukuta wa jiko. Alikuwa akija kila asubuhi kusimama hivyo. Régine alisimama dirishani katikati yetu, akipeleka maneno, kwa kuwa sisi hatukuruhusiwa kusemezana.

"Muulize mama kama bado inauma," Chanda alisema.

"Anauliza kama bado inauma."

"Inauma," nikasema.

"Anasema inauma."

"Nimesikia."

"Kama umesikia, juu ya nini mimi nachoka bure?" Régine akafoka. Kisha sauti yake ikavunjika. "Mukae mukifanya heshima. Nitawazika na heshima yenu."

Chanda aliutazama mkono wake. Halafu akasema, taratibu, akiongea na ukuta: "Kwetu wanasema mkono unaomgusa mama mkwe unatetemeka mpaka kufa kwake. Mimi naishi kwa mkono huu. Siamini maneno hayo, Régine. Lakini mkono wangu unaamini."

Nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Mimi pia nilikuwa na kinywa kilichoamini mambo ambayo kichwa changu kilikwisha kuyakanusha kwa insha.

Mchana wa siku hiyo Yaya alininywesha maji. Hayakushuka. Yalifika kooni, yakasimama, yakarudi kwa pua, na kwa muda, sijui mrefu au mfupi, hewa nayo haikushuka. Nilimshika Yaya mkono. Nilitaka kumwambia jambo, na lililotoka lilikuwa mlio. Hewa iliporudi, ikipita kwenye tundu jembamba, nilimwona Yaya ananitazama kama alivyonitazama siku ile ya mtumbwi, wakati wa kuvuka, maji yalipokuwa yakiingia na sisi tukiyatoa kwa bakuli.

Aliweka kikombe chini. Akakaza kitenge kiunoni. Akatoka bila neno. Nilifikiri amekwenda kuchagua nguo ya kunizikia.

Alirudi ameweka sinia kichwani, na Baba Régine nyuma yake amebeba beseni. Hakuja kitandani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha nyuma ya wodi, ambapo jamaa wa wagonjwa hupikia, akafukuza watu wawili na sufuria yao, akapanga vyungu vyake chini.

"Mumulete," akaamuru. "Na bwana wa meno naye aje. Leo tunaingiza mukwe."

Nesi alifika mbio. Alisema hospitalini hakuna sherehe.

"Hii haiko sherehe, mama," Yaya akamjibu kwa adabu kubwa. "Hii ni dawa ya mbele ya dawa."

Nesi, ambaye naye alikuwa na wakwe, alivuta kigoda akaketi.

Walinikalisha kwenye mkeka upande mmoja, nimefunikwa kitenge. Chanda alipiga magoti upande wa pili, uso chini. Yaya alifunua chungu cha kwanza. "Hii ni ya macho." Tukaonja bukari, ugali wetu, yeye tonge, mimi chembe iliyoyeyuka ulimini, na ndani ya chungu, Mungu shahidi, mlikuwa na maharagwe. Kumbe mkwe huingizwa kwa maharagwe vizuri tu, mtu akiwa na haraka. Kitenge kikaondolewa. Kwa mara ya kwanza nikamtazama kijana aliyemwoa binti yangu. Alikuwa na kovu dogo kwenye kidevu. Alikuwa ameogopa kuliko mimi.

"Hii ni ya jina."

"Hyanda," nikasema kwa taya iliyofungwa, na watu wakapiga makofi.

"Hii ni ya mukono." Tukashikana mikono. Wake ulikuwa unatetemeka kama jani. Wote tuliona, na makofi yakakatika.

Chanda aliukumbatia mkono ule kifuani. "Mama mkubwa," alimwambia Yaya, "mnaona. Siwezi kushika koleo hivi. Nitamuumiza."

Hapo ndipo Yaya alipotoa kutoka kwenye beseni chungu ambacho sijawahi kukiona katika maisha yangu. Kilikuwa kipana, kimefunikwa kwa jani la mgomba.

"Bado moja," akasema. "Chungu ya meno."

Akafunua. Ndani mlikuwa na kichwa cha manda, yule samaki mwenye meno ya nje kama misumari. Alikuwa mkavu, wa moshi, aliyebaki kutoka kabla ziwa halijafungwa. Alikuwa amekaa wima, mdomo wazi, anatutazama.

"Mukwe anatoa jino ya manda mbele ya bamama," Yaya akatangaza. "Mukono ikitulia ku manda, njia iko wazi. Ni desturi ya bankambo, ya babu zetu."

Baba Régine aliniinamia. "Hii desturi ni ya wapi?"

"Nyamaza, weye wa baiskeli," Yaya akasema bila kugeuka.

Habari ilikuwa imefika kwenye veranda ya meno. Benchi zima lilikuja, mashavu yote, wakasimama kuzunguka kibanda. Chanda aliletewa koleo lake. Yaya mwenyewe alimshika manda kwa mikono miwili, kwa uzito wa askofu anayeshika kikombe. Chanda akaingiza koleo. Mkono ukatetemeka, koleo likagonga meno ya samaki, tik tik tik, kama mtu anapiga taipureta.

Samaki wa moshi ni mgumu kuliko mwenye dhambi. Chanda alivuta. Yaya alivutika. Akakaza koleo, akavuta tena, Yaya naye akarudi nyuma na samaki wake. Akaweka mguu mmoja kwenye jiwe la jiko. Sasa walikuwa wanavutana kwa dhati, yeye huku na dada yangu kule, kilemba kikimshukia machoni, manda katikati akiwacheka wote wawili.

"Vuta, bwana!" benchi likapiga kelele.

"Mama, shika!"

"Kiti kipande darini!" akasema mtu ambaye bila shaka alikuwa ameiangalia filamu tangu asubuhi.

Kukasikika mlio. Chanda akaangukia mgongo kwenye rundo la kuni. Yaya Fébronie, mlinzi wa desturi zote zilizovuka Mweru, akaketi ndani ya beseni, miguu hewani, kichwa cha manda kimekumbatiwa kifuani.

Chanda aliinua koleo juu. Kwenye ncha yake kulikuwa na jino jembamba, refu, jeupe. Na mkono ulioshika koleo ulikuwa umetulia kama maji ya ziwa dogo la Mofwe asubuhi, kabla mtu hajaingiza kasia. Aliutazama kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. Kisha akacheka. Yaya akacheka ndani ya beseni. Benchi likacheka, likalia, likashika mashavu, na vigelegele vikatoka mpaka wodi ya wazazi wakadhani kuna pacha.

Tuliingia chumba cha meno tukifuatana, mimi mbele. Sitakueleza sana yaliyofuata, kwa sababu utayaona mwenyewe na si mabaya kama unavyodhani. Kuna sindano ya ganzi. Kuna kungoja, huku mdomo wako ukigeuka kuwa wa mtu mwingine. Kuna mlio, kama mtu anavunja kuni ndani ya kichwa chako, na uchungu mwovu ulimini, mwingi, unaotoka na kutoka. Nililia. Si kwa maumivu. Nililia kwa sababu pumzi ilikuwa imeanza kushuka yote, mpaka chini kabisa, kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

"Mama," Chanda akasema, "imeisha."

Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia bila mtu katikati. Alikuwa ameshika gego langu kwenye koleo, jeusi, lenye mizizi miwili. Nilipapasa kinywa kwa ulimi uliokufa ganzi. Nikamtazama vizuri.

"Hya nani?" nikauliza.

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akashika shavu lake mwenyewe, akapapasa, akahesabu kwa ulimi kwa makini yote.

"Ya mama," akasema. "Zangu ziko zote."

Uvimbe ulishuka polepole, kama maji ya mafuriko yanavyoacha ukuta. Jicho likafunguka kwanza, kisha shingo, kisha mdomo. Maji ya chumvi tena, lakini safari hii ya kuponya. Tonge langu la kwanza la bukari nililitafuna mpaka watu wakaondoka mezani. Kisha mvua zikapungua, ziwa likafunguliwa, na mji ukaamka ukinuka samaki. Tulimwingiza Chanda upya kwa sherehe kamili, kwa samaki wabichi na kuku, ili hata watu wa mbali kule Mununga wasiseme tulitumia maharagwe. Anakula kwangu kila Jumapili. Anakula sana. Wakati mwingine naona desturi ya kutokula pamoja ilikuwa na hekima ya kiuchumi.

Jambo la vyungu nalo limesafiri. Nesi mwenye vidole baridi aliniambia kuna kijana wa sindano, huko zahanati ya jirani, ambaye mama mkwe wake alimletea boga, akamwagiza alichome sindano kwanza mbele ya wazee. Wanaita chungu cha sindano. Wanasema ni desturi ya zamani sana.

Nilimuuliza Yaya mara nyingi alikitoa wapi chungu cha meno. Jibu lilikuwa moja: bankambo. Nilikwisha kukata tamaa ya kujua zaidi, mpaka asubuhi moja nilipompelekea Chanda chakula kazini.

Kwenye benchi, chini ya televisheni, alikuwa amekaa mtu aliyefunikwa kitenge kichwa kizima. Mapajani alikuwa na kikapu, na kutoka kwenye kikapu samaki mwenye meno kama misumari alikuwa anachungulia. Manda huyu alikuwa mbichi; macho yake bado yalikuwa yanang'aa.

"Yaya?"

Kitenge kilifunguka kidogo. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba.

"Lakini Yaya, mukwe amekwisha kuingizwa hata kwako. Ulionja vyungu vyote. Ulikuwa pale!"

"Ile ilikuwa ya jino yako," akasema kwa heshima yake yote. "Yangu inaomba chungu yake."

"Tangu lini inakuuma?"

Juu yetu yule bwana mnene alikuwa anapanda darini na kiti chake.

"Mbele ya yako," Yaya akasema. "Mbele sana. Nilikuwa natafuta kwanza namna ya kufungua njia."

Filamu ilifika mwisho wake. Daktari aligundua pengo kinywani mwake. Yaya, ambaye hakuwahi kuitazama, alishika shavu, mabega yakaanza kutetemeka, machozi yakamtoka. Mlango ukafunguliwa. Jina lake likaitwa. Alisimama, akanyoosha kilemba, akamtoa manda kwenye kikapu, kisha akanigeukia.

"Weye kaa hapa," akasema. "Ukisikia nalia, imba."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Sikungoja alie. Nilianza kuimba palepale, mdomo wazi wote, na benchi likaitikia.